Gumba Juu ya Mpini

Baba alinifunza kushika tezo kabla sijajua kufunga kikoi kikakaa kiunoni. Tezo ni shoka la mafundi wa vyombo, lile ambalo bapa lake limelala kama jembe, na ukilipiga linakuja upande wako. Unasimama juu ya mti wenyewe, wayo mmoja huku na wa pili kule, unachonga katikati ya miguu yako. Ukimwona fundi wa Matondoni amepungukiwa na kidole cha mguu, usimuulize, utamkera bure.

Baba alikuwa na masharti mawili. Kwanza, mkono uwe mlegevu, kwa sababu ukilibana tezo kila pigo linakurudia kifundoni, na ikifika alasiri hata kikombe huwezi kukiinua. Pili, kidole cha gumba kikae juu ya mpini, kimenyooka, kikitazama mbele. Gumba ndilo linaloongoza. Nikisahau nikalizungusha chini ya mpini, ananipiga kwa kipande cha mti juu ya vifundo vya vidole. "Watwanga nini?" ataniuliza. "Hilo si mchi." Nililia mara nyingi, kisha nikazoea, na baada ya hapo sikukumbuka tena kwamba niliwahi kushika vingine.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, hakuzaliwa kwenye kazi hii. Yeye ni mtu wa Kizingitini, na kwao alikuwa akizamia kamba wa kuwauzia wafanyabiashara wa samaki. Masikio yakamharibikia kwa kuzama, akawa hasikii vizuri upande mmoja na kichwa kikimuuma kila akiingia majini. Akamfuata mkewe kwetu, akaniambia, "Shemeji, nifunze kazi yako." Umri wake ulikuwa umepita thelathini. Tulimcheka, niseme kweli. Tulimwambia Kitikuu chake, lahaja ya kwao, na tezo lake vyote vinakwenda upande. Lakini alikuwa mtu wa kusikia. Ukimwambia jambo mara moja, mara ya pili humwambii. Nilimtia masharti yaleyale mawili, mkono mlegevu na gumba juu, ila sikumpiga vifundo, maana mume wa dada humpigi. Mwaka wa tatu akawa anachonga ubao ukautazama ukaona raha. Kila mgeni aliyepita, yeye humwambia, "Shemeji ndiye mwalimu wangu." Nilipenda kusikia. Nani asiyependa?

Halafu ikaja pawa. Ule msumeno wa mnyororo unaokwenda kwa petroli, sisi tunauita hivyo, pawa basi. Aliuleta mtu wa bara, Mkristo, mpole, ambaye kwao alikuwa akikata miti na kupasua mbao za watu. Alikodi chumba karibu na msikiti, na siku ya kwanza akatuomba radhi kama adhana imekuja na mashine inanguruma. Alitwambia ataikodisha kwa siku, lakini hampi mtu mpaka amfunze.

Akatukalisha asubuhi nzima na hakuiwasha hata mara moja. Yeye mwenyewe alivaa buti, kofia ngumu yenye wavu wa kufunika uso, na suruali nzito ambayo kwa joto letu nilimwonea huruma. Sisi tulikuwa miguu mitupu. Akaushika ule ubapa mrefu wa chuma unaozungukwa na mnyororo, akaigusa ncha yake kwa kidole.

"Wazee, mnaona hapa juu ya pua yake? Hapa pasiguse kitu kama mnyororo unazunguka. Pakigusa, inapiga teke."

"Kama punda," akasema mmoja wetu.

"Punda anakupiga ukiwa nyuma yake. Hii inakuja juu, usoni kwako, na hupati nafasi ya kusema mama."

Akaeleza kwamba ndiyo sababu usisimame ukainamia mashine. Unasimama pembeni kidogo, ubavuni mwake, ili ikiruka ipite hewani bila kukipata kichwa chako. Mkono wa kushoto umenyooka, haujakunjwa kiwiko. Kabla hujakata unatazama nyuma ya mti unaoukata, kuna nini kule ambacho ncha inaweza kukifikia. Breki ya mbele uijaribu kila asubuhi, na hapa kwenu kwa chumvi hii uijaribu mara mbili. Na gumba. Alikuja kwenye gumba akakaa hapo muda mrefu. Gumba la mkono wa kushoto lizunguke mshikio wa mbele mpaka likutane na vidole, lifunge kama pete, maana mashine ikiruka, gumba ndilo pekee linalozuia mkono usichomoke. "Na macho yako yako kwenye mti," akasema. "Hutazami mkono. Mkono wenyewe ujue umeshika nini."

Nilimwambia, "Bwana, sisi tumeshika vyuma tangu babu zetu."

Hakukasirika. Akasema, "Sawa mzee. Lakini hii haijui babu."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, huku nimeudhika. Shemeji peke yake hakucheka. Alikuwa amegeuza sikio lake zima, anafumba na kufumbua mkono wa kushoto, analizungusha gumba hewani.

Sasa nieleze mataruma. Taruma ni ubavu wa chombo, ule mti uliopinda unaoshika mbao kwa ndani. Tunatumia mkomafi, mti wa mikokoni, mgumu, na kila mmoja umepinda kwa namna yake. Upande wa nje wa upindo ni rahisi. Upande wa ndani ndio unaokula siku, maana huko tezo halipati nafasi. Tulipoanza kuizoea pawa, tukagundua kwamba ukiingiza ncha yake ndani ya upindo, inakula mti kama papai. Kazi ya nusu siku ikawa ya dakika chache. Mwenye pawa alituona, akaja akasema, "Wazee, hapo ndipo nilipowakataza." Tukamwambia sawa. Alipoondoka tukaendelea. Nasema "tukaendelea" lakini aliyekuwa fundi mkuu pale ni mimi, na ningesema basi, ingekuwa basi.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida, hata naona tabu kuihadithia. Tulikuwa na mashua moja ya mtu wa samaki, tumeshaweka mkuku, ule mti wa chini kabisa, na mbao za chini. Mataruma yalikuwa yamelala chini kwa safu, moja nyuma ya jingine. Mwenye pawa alikuwa amekwenda mjini Amu kutafuta petroli. Shemeji akasema, "Leo nipe mimi." Nikampa.

Aliishika kama alivyofunzwa na yule bwana. Mkono umenyooka, gumba limefungwa chini, amesimama pembeni, mabega juu. Alikuwa amekaza mpaka shingo inaonekana mishipa. Kwenye chombo cha jirani kulikuwa na mafundi wawili wakubwa kuliko mimi, wamekaa na kahawa yao, wanatazama. Mmoja akamwambia mwenziwe, kwa sauti ya kunifikia, "Huyo atwanga bizari ya pilau ya harusi?"

Nikaona haya. Si haya kubwa, ni ile ndogo tu, lakini ilitosha. Huyu ni mwanafunzi wangu, ameshika chuma kama mwanamke mwenye mchi, mbele ya watu walionijua nikiwa mdogo. Nikamsogelea upande wa sikio lake zima, nikasema kwa nguvu, wapate kusikia na wao:

"Shemeji, legeza mkono. Gumba yuu. Hilo ni tezo lenye moto tu."

Akalegeza. Hakuuliza. Mabega yakashuka, gumba likapanda juu ya mshikio likanyooka, na akanitazama akatabasamu, maana sasa alikuwa akishika kitu kwa namna anayoijua. Wale wazee wakarudi kwenye kahawa yao. Akaingiza ncha ndani ya upindo.

Nyuma ya lile taruma kulikuwa na la pili. Ncha ikapenya, ikaligusa.

Sikuona lolote. Nilisikia mlio ukabadilika, nikaona mkono wa kushoto uko wazi hewani, kisha mashine iko chini kwenye vumbi la mbao inanguruma bado, mnyororo unazunguka, breki haikushika. Chumvi. Nani aliyeijaribu asubuhi ile? Hakuna. Shemeji alikuwa amesimama, anautazama mkono wake chini ya kiwiko, upande wa ndani, ulivyofunguka. Hakupiga kelele. Alisema, "Lo, shemeji," kwa upole, kama mtu aliyemwaga chai kwenye mkeka wa wenyewe.

Nikavua kikoi nikamfunga juu ya kiwiko, nikakaza kwa mpini wa nyundo. Tukampakia kwenye boti hadi Amu. Njia nzima nilimshika mkono nikiuinua juu, damu ikinitiririkia kwapani, na nakumbuka nilikuwa nikitazama ndara za nahodha wa boti. Zilikuwa mpya, za bluu, bado zina karatasi ya bei. Nikafikiri, huyu amenunua wapi? Hilo ndilo nililolifikiri, Mungu anisamehe. Shemeji alikuwa akisoma shahada polepole na mimi nafikiria ndara.

Wakamshona Amu, wakampeleka Mombasa, huko wakamfungua tena wakamtengeneza. Daktari alieleza kwamba mishipa ya damu imeungwa na kano zimeungwa, lakini mshipa wa fahamu ni kitu kingine. Huota pole, na pengine hauoti. Vidole vitaweza kukunja. Kama vitasikia vikiguswa, hilo tungoje.

Tukangoja. Mimi nilirudi kazini siku ya nne. Nilimaliza mataruma yote kwa tezo, peke yangu, wala sikuchoka. Chakula nilikula. Usingizi nililala. Watu walidhani nimezidiwa na huzuni wakawa wananisemesha kwa sauti ndogo. Haikuwa huzuni. Haikuwa kitu. Nilikuwa nikisimama kwenye sala nasema maneno na ulimi unakwenda wenyewe, kama mashine isiyo na mtu. Mke wangu aliniambia, "Lia basi." Nikamwambia nitalia. Sikulia.

Kuna methali tuliyokuwa tukitiwa masikioni chuoni, tulipokuwa watoto wa kusoma Kurani: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilikuwa nikiichekea kwa hasira peke yangu. Huyu alisikia la mkuu. Alisikia kwa sikio moja tu alilobakiwa nalo.

Mwenye pawa alikuwa amerudi jioni ya siku ileile ya ajali, akaketi kwenye gogo bila kuvua kofia. Kesho yake akanijia na fungu la ndizi za mgonjwa. Akauliza jambo moja tu.

"Mzee, gumba alikuwa amelizungusha?"

Nikamjibu, "Ndiyo."

"Na likachomoka?"

"Likachomoka."

Akatikisa kichwa muda mrefu. Akasema labda hakufundisha vizuri, labda alisema mambo mengi kwa siku moja. Nikamwacha aseme. Angalau ningekasirika ningejua niko hai, lakini nilikuwa namtazama mtu akibeba mzigo wangu na sikusikia hata haya. Ndizi zile nilizila mbili.

Miezi ikapita. Shemeji akarudi kutoka kliniki ya mwisho na mkono wa kushoto umepona kwa kuutazama. Una kovu refu linalong'aa, vidole vinakunja, vinafungua. Lakini tezo hakuliweza. Alijaribu pembeni, akidhani hatumwoni. Tezo linataka mikono miwili inayosikizana, na wake mmoja ulikuwa hausemi. Mpini ulimponyoka mara mbili, mara ya pili likapita karibu na goti. Akaliweka chini taratibu, akakaa. Baharini hawezi kurudi kwa ajili ya masikio. Dada yangu alikuwa ameanza kukaanga bajia na kuziuza skuli, na alikuwa na mimba ya tatu.

Nilimwendea dada jikoni kwake. Alikuwa anakuna nazi. Nikamwambia lote, wale wazee wawili, kahawa, neno nililolisema, uwongo niliomwambia mtu wa bara. Nilisema nikitazama mbuzi ya nazi inavyotikisika. Hakusimamisha mkono mpaka nazi ikaisha kifuuni. Kisha akasema:

"Kaka, mkono ule si wangu. Wanambia mimi ya nini? Nikupe maji unywe? Kamwambie mwenye mkono."

Na akachukua nazi nyingine. Alikuwa amekasirika, niliona jinsi alivyoipiga ikapasuka vipande vitatu. Nikatoka.

Sikumwendea siku ile, wala ya pili. Siku ya tatu shemeji akanijia mwenyewe, mbio mbio, uso umefunguka kuliko nilivyouona tangu ajali. Alikuwa ametoka kwa mwenye pawa. Alimwomba ampe kazi ya kupasua mbao, mbao zilizonyooka, hakuna mataruma, hakuna ncha. "Pawa haitaki kupigwa kama tezo," akanambia. "Pawa yataka kushikwa tu. Na kushika naweza, shemeji, tazama!" Akanikamata mkono wangu kwa wake wa kushoto akaubana mpaka nikaumia. Kweli nguvu zilikuwapo.

"Amekubali?"

"Amesema atakubali wewe ukimwambia mkono wangu u sawa. Asema wewe ndiye uujuaye."

Mtu wa bara aliniamini. Nilikuwa nimemwambia gumba lilizunguka, kwa hiyo kwake mimi nilikuwa shahidi mwema. Mimi nilijua kwamba nikisema neno moja, "sawa," nyumba ya dada yangu itapata kula. Na nikijidanganya kwa neno hilohilo, mara hii haitakuwa mkono, itakuwa roho.

Tukaenda. Pawa ilikuwa kwenye banda, imezimwa, juu ya gogo. Mwenyewe alikuwa ametuachia ufunguo akaenda kununua chai, nadhani kwa adabu tu. Nikaona kama sisemi sasa sitasema tena.

"Shemeji," nikamwambia, "siku ile, mimi ndiye niliyekwambia ulegeze."

"Naam. Ulinambia."

"Na gumba."

"Na gumba pia." Alikuwa ameshachuchumaa mbele ya mashine, anapangusa vumbi. "Nilikusikia. Hukunitakia mabaya. Sasa tazama mkono wangu, kabla mwenye pawa hajarudi."

Kumbe ndivyo. Nimebeba jiwe miezi yote ile, na yeye hana nafasi ya kulitazama, ana haraka ya kazi. Nilitaka kumkasirikia, nikakosa hata hilo.

Akaishika. Mkono wa kulia nyuma, wa kushoto mbele. Aliangalia vidole vyake, akalichukua gumba kwa macho, akalipeleka chini ya mshikio, likazunguka likafunga. Ilikuwa kama kwenye mafunzo. "Haya?" akasema. Meno yote nje.

Nami nilikuwa nikikumbuka maneno ya yule bwana, kwamba ukiwa kazini hutazami mkono, macho yako kwenye mti. Nikamwambia, "Wata kwanza. Weka mikono magotini." Akaweka. "Fumba mato. Sasa shika tena."

Akafumba. Mikono ikaenda yenyewe, ya mtu aliyeshika vyuma miaka. Wa kulia ukakaa mahali pake. Wa kushoto ukapapasa, ukaupata mshikio wa mbele, vidole vikakunja, akabana kwa nguvu.

"Hapo," akasema.

"Gumba li wapi?"

"Tini. Nimelizungusha."

Lilikuwa juu. Limelala juu ya mshikio, limenyooka, linatazama mbele, sawasawa kama nilivyomfunza mimi.

"Shemeji, liko yuu."

"Haliko."

"Liko yuu, wallahi."

Hakufumbua. Nadhani alitaka tumalize hivyohivyo, apate kulikamata lile jambo gizani, alijue. Akasema, "Basi liweke wewe mahali pake, kwa mkono wako. Nikilisikia mara moja, sitosahau. Wanijua mimi. Huniambii mara ya pili."

Nikapiga magoti kwenye vumbi la mbao. Nikalishika gumba lake. Lilikuwa na joto, na lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Nikaliinua kutoka juu ya mshikio, nikalipitisha chini, nikalizungusha mpaka likakutana na kidole cha shahada, nikavifinya vyote viwili kwa vidole vyangu, kwa nguvu zangu zote, mpaka ngozi ikawa nyeupe kabisa. Kisha nikauondoa mkono wangu.

Alikuwa bado amefumba macho, ameinamisha kichwa upande wa sikio lake zima, anangoja.

"Haya shemeji," akasema. "Liweke basi."